Mbwa Wetu Bobi na Njia ya Ngomo

Wengi wenu mnaijua njia itokayo Bukavu kwenda Uvira kwa kupitia Nyangezi. Ninyi msioijua, fikirini hivi: ziwa Kivu liko juu, mita kama 1,460 kupita bahari, ziwa Tanganyika liko chini, mita kama 770. Kati ya maziwa hayo mawili ndipo penye mlima wa Ngomo. Barabara yaushuka mlima huo kwa kona nyingi. Upande mmoja ni ukuta wa udongo na mawe, upande mwingine ni bonde ambalo abiria hawapendi kulitazama. Hapo wengi hunyamaza. Wengine husali. Wengine hutapika.

Siku moja katika motokari alikuwako abiria asiyeweza kusema kwamba roho yake imechafuka. Abiria huyo alikuwa mbwa wetu, jina lake Bobi. Twataka kuwasimulia jinsi tulivyomtendea vibaya, na jinsi tulivyojifunza baadaye. Labda habari hii itamfaa mtu mwenye mbwa au paka, ambaye naye siku moja atalazimika kuhama.

Siku tuliyomwacha

Ilikuwa mwezi wa nane wa mwaka 2013. Mmoja wetu ni mwalimu, naye alikuwa amepata kazi katika shule moja ya Uvira. Ilitupasa kufika kabla masomo hayajaanza mwezi wa tisa. Vyombo vya nyumba vilitangulia kwa kamyo. Sisi tulipanda motokari ya abiria: baba, mama, watoto wanne, vifurushi, na Bobi.

Bobi alikuwa na miezi saba, wala hakuwa amepanda motokari hata mara moja. Alikuwa mbwa wa mtoto wetu wa tatu, mvulana wa miaka 9 wakati ule. Jirani alimpa mtoto huyo akiwa mdogo kama kiatu, na mtoto mwenyewe ndiye aliyemlisha, akamwosha, akamfundisha kukaa mlangoni.

Asubuhi ile tulimwonea Bobi huruma, tukampa ugali tele pamoja na vichwa vya sambaza. Tulisema: safari ni ndefu, asije akaona njaa. Hilo lilikuwa kosa la kwanza. Tukamfunga kamba fupi, tukamtia chini ya kiti cha nyuma kabisa, kati ya mabidoni ya mafuta. Hilo lilikuwa kosa la pili. Mahali pale hakuona nje, hakupata hewa, na harufu ilikuwa kali. Tena kiti cha nyuma ndicho kirushwacho kuliko vyote. Kila msafiri ajua hivyo.

Hatukuwa tumefika mbali, Bobi akaanza kupiga miayo. Tulicheka, tukasema: "Mtazameni, ana usingizi." Kisha akawa anajiramba midomo. Mate yakamdondoka mpaka kifua kikalowa. Akaanza kulia kidogo kidogo, kama mtoto asiyetaka kusikiwa. Abiria wakageuza vichwa. Mmoja wetu akaona haya, akampiga kofi ili anyamaze. Hilo lilikuwa kosa la tatu, nalo latuuma hata leo. Muda si mrefu Bobi akatapika vyote alivyokula, tena juu ya mzigo wa vitenge wa mama mmoja mchuuzi.

Mwaweza kuwaza makelele yaliyotokea. Yule mama alikuwa na haki, kwani vitenge vile ndivyo vilivyowalisha watoto wake. Tulipangusa tulivyoweza, tukamlipa vile viwili vilivyoharibika. Shofa hakusema neno mpaka tulipofika Nyangezi. Hapo akasimamisha motokari, akatugeukia.

"Papa, Mama," alisema, "nimewavumilia. Lakini mbele yetu ni Ngomo. Mbwa huyu hatashuka Ngomo pamoja nami. Mshuke wote, au ashuke yeye."

Tungefanya nini? Vyombo vyetu vilikuwa vimekwenda, na feza yetu ilikuwa imekwisha kwa vile vitenge. Kando ya barabara palikuwa na mama mjane auzaye ndizi. Tulimfahamu kidogo, kwa sababu ni ndugu ya jirani yetu wa Bukavu. Akatuhurumia, akasema: "Mniachie, wanangu. Nitamlisha kwa kadiri nitakavyopata." Tukamkabidhi kamba. Motokari ikaondoka.

Mtoto wetu hakulia kwa sauti. Alitazama kioo cha nyuma mpaka kona ya kwanza, kisha akainamisha kichwa. Tulishuka Ngomo yote bila kusemezana. Jioni, kule Uvira, hakutaka kula. Akatuuliza neno moja tu: "Bobi alikuwa mgonjwa. Mbona mlimpiga?"

Hatukuwa na jibu.

Ugonjwa hauanzii tumboni

Swali lile lilikaa nasi. Baada ya majuma kadhaa tulikutana na mganga wa wanyama, mtu wa makamo, aliyekuwa akichanja mbwa wa mtaa wetu juu ya kichaa cha mbwa. Tukamsimulia habari za Bobi. Tulidhani atatuambia habari za tumbo, au za minyoo, au za sambaza zilizooza. Yeye akashika sikio lake, akasema: "Ugonjwa wa safari huanzia hapa."

Akatueleza hivi. Ndani kabisa ya sikio, nyuma ya ngoma yake, mna vijia vitatu vidogo vilivyopinda, vyenye maji ndani. Mama atokaye mtoni na ndoo kichwani ajua jambo hili: akisimama ghafula, maji ya ndoo hayasimami papo hapo, bali yaendelea kutikisika. Maji ya sikio ni vivyo hivyo. Mwili ukigeuka, maji yale yagusa vinywele vidogo sana, navyo vyapeleka habari kwenye ubongo: sasa twageuka, sasa twapanda, sasa twashuka. Macho nayo yapeleka habari zake. Kiumbe akitembea kwa miguu yake, habari hizo mbili zapatana. Lakini mbwa aliyefungwa chini ya kiti, macho yake yaona kiti tu, nacho hakiendi popote. Masikio yake yasema: twazungushwa kama pia! Basi ubongo wapokea wajumbe wawili wasiosema neno moja. Ndipo roho inapochafuka, mate yanajaa kinywani, na mwisho wake ni kutapika. Tumbo lateswa tu kwa ugomvi wa macho na masikio.

Neno hili si la kubuni. Mwaka 1882 mwalimu mmoja wa Marekani, William James, aliwachunguza viziwi-bubu wengi kwa kuwazungusha, akaona kwamba wengi kati yao hawapati kizunguzungu hata kidogo. Kile chombo cha ndani ya sikio kilikuwa kimekufa. Baadaye mganga wa mji wa Vienna, Robert Bárány, aliona kwamba watu wakioshwa masikio kwa maji ya baridi, au ya moto kupita kiasi, hushikwa na kizunguzungu, na macho yao huchezacheza. Maji yenye joto sawa na la mwili hayaleti shida. Kwa uchunguzi wake juu ya sehemu hiyo ya sikio alipewa zawadi ya Nobel ya mwaka 1914. Habari ya zawadi ilimkuta akiwa mfungwa wa vita katika nchi ya Urusi.

Tukamwuliza mganga: "Na kwa nini watoto wetu hawakutapika, bali Bobi tu?" Akajibu kwamba watu hawafanani katika jambo hili, na wanyama vilevile. Lakini kati ya mbwa, wachanga ndio wanaougua zaidi, kwa sababu chombo kile cha sikio hakijakomaa. Wengi hupona wenyewe wafikapo umri wa mwaka mmoja hivi.

"Lakini," akasema, "iko sababu ya pili, nayo haiponi kwa umri. Ni hofu. Mbwa akitapika katika safari yake ya kwanza, tena akapigwa, hatasahau. Siku nyingine atakapoona motokari, atadondosha mate hata kabla haijawashwa. Hapo haugui tena kwa ajili ya mwendo tu; augua kwa ajili ya kumbukumbu."

Tulipokwenda nyumbani hatukuzungumza sana. Tulikuwa tumefahamu kwamba miayo ile haikuwa usingizi, na kwamba kulia kule hakukuwa utundu. Miayo, kujiramba midomo, mate, kuhangaika, kulia: zote ni alama. Bobi alituambia mara tano kabla ya kutapika, nasi tukamjibu kwa kofi.

Habari za dawa

Mtauliza, kama tulivyouliza sisi: je, hakuna dawa? Ziko. Kuna dawa iliyotengenezwa hasa kwa ajili ya mbwa, iitwayo maropitanti. Iliruhusiwa Ulaya mwaka 2006, na Marekani mwaka 2007. Huzuia kutapika kwa kufanya kazi katika ubongo, nayo hutolewa saa mbili au zaidi kabla ya kuondoka. Ziko nyingine za zamani ambazo kwanza zilitumiwa kwa watu. Mojawapo iligunduliwa bila kutazamiwa. Mwaka 1947, huko Baltimore, waganga walimpa mama mmoja dawa ya kuwashwa mwili. Naye akawaambia kwamba tangu aimeze, haugui tena akipanda tramu. Waganga wakaijaribu kwa askari waliovuka bahari kwa meli, ikafaa.

Lakini mganga wetu alitukanya kwa nguvu. Dawa ya mnyama hupimwa kwa uzito wake, na mpimaji ni mganga wa wanyama, si mwuza dawa wa sokoni. Kidonge kinachomfaa mtu mzima chaweza kumwua mnyama mdogo. Paracetamol, ambayo sisi wote huimeza kwa homa, ni sumu kali kwa paka. Wako pia watu wanaomnywesha mbwa pombe ili alale njiani. Wasifanye hivyo: pombe ni sumu kwa mbwa, na mbwa mlevi anayetapika aweza kusongwa na matapishi yake.

"Tena," alisema mganga, "wengi wenu mnaishi mahali ambapo dawa hizo hazipatikani. Msihuzunike. Kazi kubwa hufanywa kwa subira, nayo haiuzwi dukani."

Siku kumi za Nyangezi

Likizo ya Noeli ilipofika, mmoja wetu na mtoto walipanda kwenda Nyangezi. Tulikuwa tumemtumia yule mama mjane feza kidogo kidogo kwa chakula cha Bobi. Tulikuwa na hofu kwamba mbwa ametusahau. Wapi! Alipomwona mtoto tu, aliruka, akamwangusha chini kati ya mashada ya ndizi, hata mama akacheka mpaka machozi yakamtoka.

Lakini furaha ile ilikatika upesi. Kijana wa yule mama alikuwa na motokari ndogo ya mizigo. Alipoiwasha, Bobi akakimbia nyuma ya nyumba, mkia kati ya miguu, mate yakimtoka. Maneno ya mganga yalikuwa kweli.

Basi tukafanya kama tulivyofundishwa, neno kwa neno.

Siku mbili za kwanza motokari haikuwashwa kabisa. Tulifungua mlango, mtoto akaketi ndani, akamwita Bobi kwa upole. Alipokuja karibu, akapewa kipande kidogo cha samaki. Alipokataa, hakuvutwa. Siku ya pili jioni aliingia mwenyewe, akalala miguuni mwa mtoto.

Siku ya tatu na ya nne tuliiwasha motokari, lakini haikwenda. Bobi akasikia mlio, akatetemeka, akapigwapigwa mgongoni taratibu, akatulia. Siku ya tano tulikwenda hatua hamsini tu, tukarudi. Siku ya sita mpaka kanisani. Siku ya saba mpaka sokoni. Na kila mwisho wa safari palikuwa na jambo jema, mchezo au kipande cha samaki. Zamani Bobi alijua kwamba motokari humpeleka mbwa kwenye kuachwa. Ilitupasa kumfundisha kwamba yaweza pia kumpeleka kwenye furaha.

Siku ya nane tulivuka kiasi. Tuliona anakwenda vizuri, tukataka kufika mbali, kwenye kona. Akaanza kupiga miayo. Safari hii hatukucheka. Tulisimama mara, tukamshusha, akatembea kwa miguu kama dakika kumi, akanywa maji kidogo, tukarudi polepole. Kesho yake tukaanza tena na mwendo mfupi. Haba na haba hujaza kibaba. Lakini ukimwaga kibaba kwa haraka, yakupasa kuokota punje moja moja.

Majirani walitushangaa. Mzee mmoja alituuliza kama hatuna kazi ya kufanya, sisi watu wazima tunaofundisha mbwa kupanda motokari. Hatukukasirika. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi: asiyeubeba huuona mwepesi. Hatukuona njia nyingine ya kumjibu mtoto lile swali lake.

Kushuka Ngomo

Siku ya kuondoka tulijitayarisha tangu jana yake. Bobi alikula mapema jioni, kisha asubuhi hakupewa chakula. Kwa mbwa mkubwa mwenye afya, kulala bila chakula usiku mmoja si taabu. Kwa mbwa mchanga sana ni neno jingine. Huyo apewe kidogo saa tatu au nne kabla ya safari, asije akalegea kwa njaa. Maji hayakatazwi, apewe kidogo kidogo.

Alitembezwa kabla ya kupanda, ili ajisaidie na kuchoka kidogo. Tulichagua kuondoka alfajiri, kwani bonde la Rusizi ni lenye joto kali, na mbwa wa milimani hulivumilia kwa shida. Mbwa hatoki jasho kama sisi. Hujipoza kwa kuhema ulimi nje. Kwa hiyo asifungiwe ndani ya motokari iliyosimama juani, hata kwa muda mfupi, wala asitiwe juu ya mizigo kama gunia la muhogo. Wengi wamekufa hivyo.

Jambo kubwa kupita yote lilikuwa hili: tulisema na shofa kwanza. Hatukumficha mbwa. Tulimwambia: "Ndugu, tuna mbwa. Zamani alitapika katika njia hii. Sasa tumemzoeza. Twataka kulipa nafasi yake, naye akae mbele, karibu na dirisha. Tuna gunia la kumtandikia, kitambaa na maji ya kuosha. Akichafua, ni kazi yetu." Shofa akafikiri, akamtazama Bobi, akasema: "Papa, mtu anayesema mapema si kama mtu anayeficha. Pandeni."

Tuliwaambia abiria pia. Mama mmoja hakupenda kukaa karibu naye, tukambadilishia kiti. Tukatandika gunia, na juu yake shati la zamani la mtoto, ili Bobi asikie harufu anayoijua. Kamba ilikuwa fupi kiasi cha kumzuia kurushwa, lakini si ya kumkaba. Dirisha lilifunguliwa kidogo tu: hewa ipite, lakini kichwa kisitoke, kwani mavumbi na mawe huumiza macho.

Ngomo ikaanza. Kona ya kwanza, ya pili, ya tano. Bobi alitazama mbele kupita magoti ya mtoto. Tuliangalia kinywa chake kama watu wanaongoja mvua. Katikati ya mteremko akajiramba midomo mara mbili. Mtoto akasema kwa sauti ndogo: "Anaanza." Mmoja wetu akamwomba shofa, naye akasimama mahali palipo na nafasi. Si sisi tu tulioshuka. Abiria wawili walishuka nasi, tena kwa shukrani, kwa kuwa roho zao pia zilikuwa zimechafuka wala hawakuthubutu kusema. Tulitembea mbele ya motokari mpaka kona iliyofuata. Kisha tukapanda tena.

Mbele ya Kamanyola, kwenye kona za mwisho, Bobi alitapika mara moja, maji matupu, kidogo, juu ya gunia lake. Hakuna aliyempiga. Hakuna aliyepiga kelele. Mtoto alipangusa, akabadili gunia, akamshika sikio na kusema: "Imekwisha, imekwisha." Na kweli ilikuwa imekwisha. Kutoka Kamanyola njia ni ya uwanda. Luvungi, Sange, Kiliba: alilala njia yote, kichwa juu ya kiatu cha mtoto.

Hatutaki kuwadanganya kwamba ni mazoezi yetu peke yake yaliyomponya. Bobi alikuwa karibu na umri wa mwaka mmoja, na umri nao ulisaidia. Lakini twajua neno moja: yule aliyekimbia nyuma ya nyumba kwa mlio wa motokari, siku kumi baadaye aliingia mwenyewe. Jambo hilo halikuletwa na umri.

Kwa wenye paka

Wako wasomaji watakaosema: sisi tuna paka, si mbwa. Mambo ni karibu yaleyale, ila paka hapendi kabisa kuhamishwa, na hofu yake ni kubwa zaidi. Yeye hulia bila kunyamaza, hudondosha mate, na pengine hujichafua. Usimchukue mikononi, motokari ikitikisika atakupapura na kuruka. Tafuta kikapu chenye kifuniko na matundu ya hewa. Kikapu hicho kikae nyumbani wazi siku nyingi kabla ya safari, na ndani yake kitambaa anacholalia, ili akione kuwa kitanda na si gereza. Njiani kifunikwe kwa nguo nyepesi. Giza kidogo humtuliza. Kikapu kiwe chini, mahali pasipotikisika sana. Na mwisho wa safari usimfungulie nje papo hapo. Mweke ndani ya nyumba siku nyingi, ajue kwanza kwamba hapo ndipo kwake, la sivyo atapotea.

Neno la mwisho

Katika kitabu cha Tobiti twasoma kwamba kijana Tobia alipoondoka kwenda mbali na mwenzake wa safari, mbwa alifuatana nao, na siku ya kurudi alikuwako pamoja nao. Mbwa yule alikwenda kwa miguu yake, macho na masikio yake yakipatana. Sisi tunawatia wanyama wetu katika vyombo wasivyovichagua, kwa mwendo usio wao, nao hawajui tunakokwenda wala kama tutafika. Basi yatupasa kuwatayarisha siku nyingi kabla, kuzitambua alama zao, na kuwaambia wasafiri wenzetu mapema.

Mwaka uliofuata tulipita Nyangezi tena. Bobi alishuka, akamkimbilia mama mjane kwa furaha, nasi tukamwachia mama mfuko wa chumvi na samaki wa Tanganyika. Kisha shofa akapiga honi. Mtoto wetu hakusema kitu. Alifungua mlango, akasogea kando, akangoja. Bobi akapanda wa kwanza.